Nusu Debe Ardhini, Karai Halikujaa

Mwandishi wa makala haya, mwalimu kwa kazi na mkulima kwa ubishi, alirudi Kithimani, Yatta, kutoka Kinangop, Nyandarua, na nusu debe ya viazi vilivyokwisha kuchipua. Kule alikuwa ameona watu wakifukua viazi vikubwa kama ngumi. Akajiambia udongo ni udongo, na maji si tatizo: mfereji wa Yatta, uliochimbwa na mahabusu wa Mau Mau miaka ya 1950, huleta maji ya Mto Thika mpaka huku. Majirani huyatumia kumwagilia nyanya na maharagwe ya mishiri. Yeye alitaka chipsi.

“Mwalimu, hivyo ni vya watu wa baridi,” jirani mmoja, mama mtu mzima, alimwambia akiwa kwenye ua. “Panda ndengu.”

Mwalimu alicheka, akavipanda, akaongeza samadi.

Majani yalistawi, yakastawi tena! Kila mgeni alitembezwa shambani kabla ya kupewa chai. Lakini kiazi hutaka usiku wa baridi ndipo kijaze. Joto likizidi, mmea huendelea kujivisha majani huku chini hakuna kitu, na samadi nyingi huuzidishia urembo. Ndiyo maana malori ya viazi hushuka kutoka Nyandarua na Meru, wala hayapandi kutoka Yatta. Haya aliyasoma baadaye.

Mwezi wa tatu ulipotimia watoto waliitwa, magunia mawili mkononi. Shina la kwanza: mizizi. La pili: kitu cha ukubwa wa gololi. Kwenye la tano jembe liligonga kigumu, watu wote wakainama. Jiwe.

Kiazi kikubwa kuliko vyote alikipasua mwenyewe kwa jembe. Viwili vingine vilikuwa vimechungulia juani vikageuka kijani, na vya kijani vina sumu, haviliwi. Magunia yakakunjwa, vilivyobaki vikatiwa karaini.

Jioni alipita sokoni kimya kimya, akanunua kilo 2 za viazi, akaingilia mlango wa nyuma na kuvichanganya na vya shambani. Mkewe alichukua kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akautazama udongo, kisha akatazama viatu vya mumewe vilivyojaa vumbi jekundu.

“Baba watoto,” akauliza, “shamba letu lilipata udongo mweusi lini?”