Waya Umekwenda, Vidole Vibaki: Msumeno wa Betri katika Karakana za Lodwar na Kakuma

Msumeno wa duara wa betri ni mashine ya mkononi inayokata mbao kwa bledi ya mviringo yenye meno ukingoni, na mota yake hupata nguvu kutoka kwa betri iliyochomekwa karibu na mpini badala ya waya unaofika ukutani. Babu wa mashine hii ni msumeno wa umeme ambao Edmond Michel aliubuni huko Marekani katika miaka ya 1920 baada ya kuwatazama wakata miwa wakihangaika na mapanga, na betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991, ndizo zilizokuja kuwapa wajukuu wake ruhusa ya kutembea. Katika miji ya Lodwar na Kakuma, ambako soketi mara nyingi iko mbali na kazi, na ambako soketi iliyo karibu huenda isiwe na stima, ruhusa hiyo ilipokelewa kwa shangwe. Hata hivyo, anayezichunguza karakana za jua kali za miji hiyo hugundua kwamba kilichoondoka ni waya peke yake: kasi ilibaki, meno yalibaki, jua la Turkana lilibaki, na fundi mwenyewe alibaki na tabia zake zote, isipokuwa sasa anaweza kuzipeleka mahali popote kwa bodaboda.

Kasi ndiyo ya kwanza kudharauliwa, kwa sababu haionekani. Bledi yenye kipenyo cha milimita 165 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha ya kila jino husafiri kwa takriban kilomita 155 kwa saa, kasi inayokaribia mara mbili ya kilomita 80 ambazo sheria ya Kenya inaruhusu matatu, na tena bledi haina kituo cha polisi njiani cha kuifanya ijifanye mpole. Msumeno wa waya ulikuwa na fadhila moja, kwamba plagi ikichomolewa kila mtu aliona kuwa mashine imezimwa. Wa betri hulala mezani kimya huku umejaa nguvu, ukimsubiri kijana wa shule anayepita na kutaka kujua kitufe kile kinafanya nini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kubadilisha bledi, kuisafisha au kuikagua ni kuchomoa betri kabla ya jambo lingine lolote, na betri hiyo ikae katika mfuko wa yule yule anayetia mkono kwenye meno, wala isikabidhiwe mtu wa mkono, kwa kuwa mtu wa mkono ana bidii na atairudisha mahali pake ili kuokoa muda.

Hatari ya pili ni teke, yaani mruko wa ghafla wa msumeno kurudi kwa anayeushika, unaotokea pale mbao inapoibana bledi katikati ya mkato na nguvu ya mzunguko ikakosa pa kwenda. Mafundi wengi wa Lodwar huujua mruko huo vizuri kwa sababu huuandaa wenyewe. Palipokosekana meza ya kazi, wazee wawili wanaosubiri kitanda chao huombwa kwa heshima waazime ekicholong, kile kigoda kidogo cha kipande kimoja cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilaza kichwa usiku, na ubao ukalazwa juu ya vigoda hivyo viwili, kimoja kila upande. Fundi akikata katikati, ubao hushuka kwa uzito wake, mkato hufunga kwa juu, bledi hubanwa, msumeno huruka, na wazee, ambao kwa kukosa viti walikuwa wamesimama karibu ili waone vizuri, hugundua kwamba magoti yao hayajazeeka kama walivyodhani. Tiba yake haihitaji fedha: ubao uegemezwe na kubanwa kwa klampu upande unaobaki, kipande kinachokatwa kiachwe huru kianguke chenyewe, bledi itokeze chini ya ubao kwa kiasi cha jino moja tu, na fundi asimame kando ya mstari wa mkato badala ya kusimama nyuma yake.

Mbao zenyewe nazo huchangia. Zile zinazouzwa Lodwar hupanda lori katika nyanda za juu upande wa Kitale, nyingine zikiwa bado na maji, kisha huteremka hadi kwenye hewa kavu ambamo hukauka kwa haraka na kujipinda kwa namna ambayo mteja huiona kama uzembe wa fundi na fundi huiona kama ukaidi wa mti. Ubao uliojipinda huibana bledi hata ukiegemezwa sawasawa, ndiyo maana mafundi wenye busara huziacha mbao zikae kivulini kwa muda, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, jambo ambalo mteja aliyelipa nusu ya bei huliona kuwa ni hila nyingine ya kumwambia aje kesho. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu mwaka 1992 na ambako mbao za makasha ya mizigo hupewa maisha ya pili kama meza na milango, msumari uliojificha ndani ya ubao hungʼoa jino la bledi na kulirusha lisikojulikana, kwa hiyo sumaku ndogo au jicho la subira hutangulia msumeno.

Halafu upo mathenge, mti wa miiba ulioletwa katika maeneo kame ya Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, nao ukazuia pia njia, mashamba na malisho. Sifa zake zilifika hadi mahakamani pale watu wa jamii ya Ilchamus wa Baringo walipoishtaki serikali na kumleta mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Fundi anayekata gogo kavu la mathenge kwa bledi butu hana haja ya kusoma hukumu, kwa sababu bledi yake itapita njia ya yule mbuzi. Mti mgumu hudai bledi kali yenye ncha za tungsten, mwendo wa polepole na mapumziko ya mota. Moshi ukitoka katika mkato, hiyo si dalili ya bidii.

Kuhusu mavazi, miongozo mingi hukataza nguo zinazoningʼinia bila kufikiri kwamba itasomwa mahali ambapo shuka iliyofungwa begani ni vazi la heshima. Shuka hukunjwa na kuwekwa kando, shanga ndefu huvuliwa, na glavu pana za kubebea mawe huachwa, kwa kuwa kitambaa kikinaswa huuvuta mkono ulio ndani yake. Miwani ya kinga ni ile nyeupe isiyovunjika, wala si miwani myeusi ya jua, ambayo humfanya fundi apendeze sana huku ikimzuia kuuona mstari anaoukata. Kubwa kuliko yote, kinga ya chini, yaani kifuniko chenye springi kinachojifungua bledi inapoingia katika ubao na kujifunga inapotoka, isizuiwe kwa kijiti au waya ili “kazi iende haraka”, kwa sababu msumeno wa namna hiyo ukiwekwa chini kabla bledi haijasimama hutembea wenyewe sakafuni, na hakuna aliyewahi kuonekana mwenye hadhi akiukimbia.

Betri ndiyo inayoumizwa zaidi na mahali. Wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kuiendeleza betri ya lithiamu, lakini kazi yao yote hukwama juu ya paa la mabati saa nane mchana. Joto la mchana la Lodwar huwa karibu nyuzi 35 na mara nyingi huzidi, ndani ya kibanda cha mabati hupanda zaidi, na betri iliyotoka kazini huongeza joto lake yenyewe, ilhali chaja nyingi hukataa kuchaji betri iliyopita takriban nyuzi 40 hadi 45, zikawasha taa ya onyo. Hapo fundi huigonga chaja, huipuliza, huilaani, kisha huipeleka kwa mtengeneza redio, ambaye huiweka chini ya meza hadi magharibi, huirudisha ikiwa nzima na kudai malipo ya “kubadilisha kitu ndani”. Kilichobadilika ni saa. Betri ichajiwe asubuhi na mapema au usiku, penye kivuli na upepo, isitiwe majini wala katika barafu ili ipoe upesi, na ikipumzishwa kwa wiki kadhaa ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu hivi. Betri ya volti 18 na saa-ampea 5 hubeba saa-wati 90, kwa hiyo anayetarajia kuijaza kwa paneli ndogo ya taa ya chumbani anahitaji kuwa na tarajio dogo pia.

Mchanga wa laga, yaani mto mkavu, unaopeperushwa na upepo hadi ndani ya kila kitu, hukamilisha orodha. Matundu ya mota husafishwa kwa brashi kavu, bledi iliyoganda utomvu hutolewa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na kila asubuhi, betri ikiwa nje, kinga ya chini huinuliwa na kuachiliwa ili kuona kama inajifunga papo hapo. Ikisuasua, isafishwe; kuimiminia mafuta ya kupikia, kama wafanyavyo wengine, hutengeneza tope la mafuta na mchanga ambalo huikwamisha kabisa, pamoja na harufu ya chapati isiyoleta chapati.

Mwisho ni watazamaji. Katika soko la Kakuma, mlio wa msumeno hukusanya watu wa mataifa kadhaa, na amri ya “rudini nyuma!” hueleweka kwa tafsiri tofauti, baadhi wakisogea mbele ili wasikie vizuri. Hapo fundi huachilia kitufe, husubiri bledi isimame, kisha huinua mkono, ishara isiyohitaji mkalimani. Atachelewa, na mama anayesubiri kitanda chake atalalamika, lakini atarudi kesho na kesho kutwa kama alivyozoea, kwa sababu hajawahi kupata kitanda siku aliyoahidiwa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi mwenye vidole vyote kumi huvunja ahadi zake zote kwa raha, na bado hubaki na mkono mzima wa kupokea salio.