Mwembe wa kwa Bibi

Ujiji, ukiona nyumba na mwembe vimebanana, usiulize kipi kilimfuata mwenzake. Misafara ya biashara kutoka pwani ilikula embe njiani na kutupa kokwa. Miembe ikaota, nasi tukaja kujenga chini yake kwa sababu kivuli kilikuwa cha bure. Gharama zilikuja baadaye.

Mwembe wa kwa bibi yangu umegusana na ukuta wa jikoni. Kiangazi hauna ubaya. Shida huanza mvua zinapokaribia na embe kuiva. Dodo moja likiachia tawi saa nane za usiku na kutua kwenye bati, mtaa mzima unaamka. Shemeji yangu wa Dar es Salaam, usiku wake wa kwanza hapo, alijitupa uvunguni akaanza kutubu dhambi ambazo dada hakuwahi kuzisikia. Dada alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akamwambia ni embe.

Baada ya embe huja popo, wanaokula nyama na kutuachia kokwa. Majani huziba mifereji ya bati, maji yakarudi ndani. Mizizi nayo imepita chini ya msingi kufuata unyevu wa shimo la choo. Sakafu imepasuka na kuinuka, na mlango wa jikoni haufungi mpaka uusukume kwa nyonga.

Tukamwita fundi wa kukata miti. Aliuzunguka mwembe, akaugonga kwa mgongo wa panga, akatangaza kwamba ndani una uwazi.

"Huu ukikatwa utaangukia nyumba, nyaya za umeme au jirani. Chagueni."

Baba mdogo akauliza kama kwa jirani ndiko bei nafuu.

Kikao cha ukoo kikaitishwa. Mzee wa jirani, ambaye bao lake huchezwa kivulini hapo, aliapa kwamba Livingstone alipumzika chini ya mwembe huu. Tukamkumbusha kwamba mwembe unaotajwa na watu, ule wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871, ulishakufa, na iliyopo pale kwenye makumbusho inasemekana ni watoto wake.

"Mzungu yule alikaa sana Ujiji," mzee akajibu. "Mnadhani alijua mti mmoja tu?"

Shangazi akasema ukutani kuna ufa wa kupitisha mkono. Wote tukamgeukia bibi.

"Wajukuu zangu, mwembe huu umewalipia ada wazazi wenu. Nyumba hii imelipa nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukakubaliana yapogolewe matawi yanayolalia bati, na fundi mwingine akaitwa, huyu wa kujenga, na futi kamba yake. Mvua zikikatika, tunahamisha jiko.