Namna ya Kuugua kwa Utaratibu

Kosa la wagonjwa wengi wa Jinja ni kuugua bila taarifa. Mtu anaamka usiku wa manane, tumbo limemkamata, anavaa shati nje ndani, anapanda boda mpaka hospitali, kisha anachomoa kadi ya bima kwa madaha kana kwamba ni pasipoti ya balozi. Huko ni kukosa adabu. Ugonjwa uliolelewa vizuri huanza Jumanne, yapata saa nne asubuhi, mtandao ukiwapo na dada wa dirisha la bima akiwa hajatoka kwenda kula. Jihadhari na Ijumaa jioni. Jihadhari na sikukuu zote za dini zote. Kwa upande wa Mbale, jihadhari pia na Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya imbalu, ngoma za kadodi zikilia kila kona. Hapo hata ukimpata mtu wa kupokea simu, hatasikia unaumwa nini.

Mwongozo huu ni wa wenye kadi, nasi tu wachache. Wasomaji wa Kenya, ambao tangu Oktoba 2024 wanajizoeza kusema SHA badala ya NHIF, na wa Tanzania wenye NHIF yao, huenda wakashangaa kusikia kwamba Uganda haina bima ya afya ya taifa. Ilikaribia kuipata. Tarehe 31 Machi 2021 Bunge lilipitisha muswada, ukasubiri sahihi ya Rais, na sahihi haikuja. Yaani muswada wa bima wenyewe ulifika mapokezi, ukakalishwa kwenye benchi, ukaambiwa usubiri idhini. Ukiambiwa hivyo hivyo dirishani, usikasirike: wametangulia wakubwa. Sisi wachache tuna kadi za kampuni binafsi, nyingi zikilipiwa na mwajiri, na kila kampuni ina orodha yake ya hospitali.

Orodha hiyo ulipewa siku ya kwanza ya kazi. Iko kwenye droo, chini ya bili za maji za mwaka juzi. Itafute ukiwa mzima, maana mwenye homa hasomi maandishi madogo. Kwenye kijitabu changu Kampala imejaza kurasa mpaka unadhani nchi nzima inaugulia huko. Mashariki tumepewa nusu ukurasa: Jinja kidogo, Mbale kidogo zaidi, na hospitali moja ambayo kila mtu mtaani anajua imeshageuka duka la matairi.

Sasa piga simu hospitali, uulize wanavyouliza watu wote: "Mnapokea kadi ya kampuni fulani?"

"Tunapokea, ssebo."

Watu hulisikia neno hilo wakakata simu kwa furaha, kumbe ndipo danadana inapoanza. "Tunapokea" maana yake ni kwamba kibandiko cha kampuni kipo kwenye kioo cha mlango. Kibandiko hakijui kama kampuni imechelewa kulipa madai, na kwamba kwa sababu hiyo mhasibu wa hospitali amesimamisha kadi zake tangu Jumatatu. Mhasibu husimamisha kadi kwa kunong'ona. Kubandua kibandiko si kazi yake, na gundi ya siku hizi ni kali.

Hata mkataba ukiwa hai, kuna suala la kifurushi. Kadi yako na ya bosi wako ni za rangi moja, nembo moja, mng'ao mmoja. Yeye anaingia hospitali yenye viyoyozi. Wewe unaelekezwa kwa upole barabara ya pili baada ya kituo cha mafuta. Kisha kuna ugonjwa wenyewe. Malaria inapendwa na kila kadi: kipimo chepesi, dawa inajulikana, mgonjwa anarudi nyumbani. Jino halipendwi. Miwani haipendwi. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga utaambiwa usubiri miezi, na mimba vilevile, ingawa mimba ina kalenda yake na haijawahi kusoma mkataba.

Kwa hiyo swali la mtu mzima ni refu kama hati ya mashtaka: kadi hii, ya kampuni hii, namba hii, kifurushi hiki, kwa kipimo hiki, kwa daktari huyu, leo, inapokelewa? Daktari mtaje, kwa sababu bingwa anayekuja Alhamisi kutoka Kampala huenda anatoza bili yake mwenyewe. Kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi, uulize yote upya. Andika jina la aliyekujibu na saa aliyokujibu. Siku ya mabishano, "dada mmoja aliniambia" haina uzito wowote, lakini jina na saa vimewahi kufufua idhini zilizokwisha zikwa.

Ukitaka ukweli bila simu, muulize askari wa getini. Anawaona wanaoingia na kadi na anawaona wanaotoka, na anajua nani katoka na dawa na nani katoka anampigia shemeji kukopa.

Mimi somo hili nililipata mwaka jana, katika hospitali moja ya hapa Jinja ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunapishana njiani. Kijana wangu, miaka 11, alipanda mfenesi wa jirani. Fenesi likashuka, naye akalifuata. Mkono wa kulia ukavimba kama andazi. Nilikuwa nimeshauliza kila kitu kwa utaratibu niliokupa: mkataba hai, kifurushi sawa, mifupa imo. Dada wa dirishani akasogeza kile kidude chenye taa nyekundu.

"Aweke kidole gumba. Cha kulia, ndicho kilichosajiliwa."

Nikamsaidia kuweka kidole cha mkono uliovunjika, taratibu, akiuma meno. Taa ikabaki nyekundu. Tukarudia. Nyekundu. Dada akafuta kioo kwa ncha ya kitenge chake. Nyekundu. Akatazama kidole kwa karibu, kisha akanitazama mimi: kidole kilikuwa kimevaa ulimbo wa fenesi, mweusi, umejaza mistari yote ya alama. Kwa mujibu wa mashine, mwanangu si mtu.

"Sabuni?" nikauliza.

"Mzee, ulimbo hautoki kwa sabuni," akasema askari, aliyekuwa ameacha geti kuja kutazama. "Unataka mafuta." Akatoka mbio mpaka kwa kijana wa chapati ng'ambo ya barabara, akarudi na kijiko cha mafuta ya kupikia, ya moto kiasi. Tukampaka mtoto kidole, tukasugua kwa gazeti, tukasugua tena. Taa ikawa kijani. Watu wote kwenye benchi wakapiga makofi, akiwamo mzee mmoja aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kifua na hakupaswa kujichosha.

Ndipo dada akasema picha ya eksirei inahitaji idhini ya kampuni, na mwenye kutoa idhini hapokei simu. Mkono mtupu haulambwi: nililipa mwenyewe, nikaambiwa nitarudishiwa nikileta risiti halisi na fomu yenye sahihi na muhuri wa daktari. Fomu yangu ilirudi mara moja kwa sababu muhuri ulikuwa umekaa juu ya sahihi badala ya kukaa kando.

Hapa naacha mzaha kidogo. Mtu akitoka damu au akizimia, mpeleke hospitali ya karibu, simu zifuate baadaye. Kampuni nyingi hutaka zijulishwe ndani ya siku moja au mbili, na asemaye anaweza kuwa ndugu yeyote. Ukidhulumiwa, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ina dawati la malalamiko. Mzaha unaendelea.

Kuhusu Mbale. Ni kama kilomita 150 kutoka Jinja kwa barabara ya Tirinyi, na kadi huchoka njiani. Hospitali yenye jina lile lile ulilolizoea Jinja inaweza kuwa na mkataba tawi hili na isiwe nao tawi lile, kwa hiyo uliza upya kama mgeni. Usimsahau mama mkwe. Utafika, mtaamkiana "mulembe", atakuandalia malewa kwa karanga, kisha atakuonyesha goti. Kadi ina majina ya mke na watoto. Yeye hamo, na hili umweleze baada ya kula.

Na Mbale si mji wa kubahatisha tiba. Hospitali ya watoto ya CURE iko hapo, ambako Dkt. Benjamin Warf na wenzake walibuni mwanzoni mwa miaka ya 2000 namna ya kutibu maji kichwani mwa watoto kwa kamera nyembamba, wakichoma tishu inayotengeneza maji hayo, bila kumwachia kila mtoto mrija kichwani maisha yake yote. Madaktari wa mabara mengine wamejifunza njia hiyo. Kupitisha maji ndani ya ubongo wa mtoto mchanga tumeweza. Kupitisha simu kutoka dirisha la bima mpaka kwa mtoa idhini kunangoja fikra kubwa zaidi.

Mwenye kuchoshwa na haya yote ana njia ya mkato. Serikali ilifuta ada katika hospitali zake Machi 2001, kwa hiyo kwenye wodi za kawaida za hospitali za rufaa, Jinja na Mbale, hakuna wa kukuuliza kadi. Ada ilibaki upande wa kulipia tu. Wodini swali ni jingine: dawa ipo, au utaandikiwa ukanunue duka la nje pamoja na glavu?

Wiki sita zikapita, plasta ya kijana ikafika wakati wa kukatwa. Nikapiga simu siku mbili kabla. Kampuni ikaniambia kufunga plasta kumo kwenye kifurushi; kuhusu kuifungua wataulizana. Tulienda Jumanne, saa nne, na mfukoni nilikuwa na kichupa cha mafuta. Sikupita hata geti kabla ya kumuuliza askari.

"Leo kadi zinapita," akasema. "Ila dada ameenda kula."

Tukavuka barabara kwa yule kijana wa chapati, tukaagiza rolex mbili, yangu bila nyanya. Kijana akala kwa mkono wa kushoto, ameuzoea sasa.