Likizo Fupi Dubai: Mwongozo kwa Familia Inayotaka Kuchoka Vizuri

Nenda Julai. Hoteli za Dubai zimeshusha bei mpaka unadhani aliyeandika tangazo amesahau tarakimu, na hata zile zenye bwawa la kuogelea juu ya paa zinakubembeleza kwa kifungua kinywa cha bure. Sababu ya ukarimu huo utaijua milango ya uwanja wa ndege itakapojifungua. Nje ni nyuzi 40 na ushei, unyevu wa Ghuba umo humo humo, na miwani ya Baba itaingia ukungu kabla hajamaliza kusema kwamba yeye ni mzaliwa wa Tanga na joto analijua. Mwache amalize. Joto la Tanga lina mwembe, lina baraza, lina upepo wa alasiri kutoka baharini. Hili limekuja peke yake.

Kwa hiyo funga masweta. Dubai ya Julai inaishi ndani: ndani ya maduka makubwa, ndani ya treni, ndani ya teksi, na hata vituo vingi vya basi ni vyumba vya vioo vyenye kiyoyozi. Kitinda mimba wako ataanza mafua siku ya pili, katikati ya jangwa. Ili mafua yakomae, mpeleke Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, ambako tangu mwaka 2005 kuna kilima cha theluji chini ya paa, mwaka mzima, na siku hizi hata pengwini. Watawapa makoti na mabuti mlangoni. Kilimanjaro nayo ina theluji, lakini ina kasoro moja kubwa: iko kwetu.

Safari yenyewe mtaitangaza lini? Wataalamu wa mambo haya hawatangazi kabisa. Wanapanda ndege usiku na kuonekana baada ya siku nne wakinukia udi. Wewe huwezi, maana mkeo ameshamdokeza dada yake, na dada yake yumo kwenye grupu la ukoo. Ndani ya saa moja maagizo yataanza kuingia. Mama mkwe anataka udi na marashi, "yale ya chupa ya duara, wao wenyewe wanayajua." Shemeji anataka simu, fedha atakupa ukirudi. Shangazi anataka hereni za dhahabu za karati 22, kidogo tu mwanangu, hata gramu tano zitatosha. Jirani, ambaye hata siyo ndugu, anataka taa ya nyuma ya Toyota IST, upande wa kushoto. Yaandike yote kwenye daftari. Hilo daftari ndilo ratiba yako. Zile kurasa ulizochapisha zenye picha za mnara na chemchemi wape watoto wachoree nyuma.

Kuhusu fedha, dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997 na haijatikisika. Ya kwetu haijafungwa popote, na hutembea inavyojisikia. Kosa la wageni wengi ni kubadilisha kila bei kichwani. Baba atasimama mbele ya friji la duka, ameshika chupa ya maji, midomo ikimcheza, anazidisha kwa mia saba. Akiendelea hivyo hadi jioni atakunywa maji ya bomba, ambayo ni bahari iliyoondolewa chumvi. Mwambie azidishe mara moja tu, siku ya kurudi, akiwa amekaa.

Hoteli nayo ina lake. Mapokezi watakuomba amana, kisha watakuongezea ada ya utalii inayotozwa kwa kila chumba kwa kila usiku, kati ya dirhamu 7 na 20 kufuatana na nyota za hoteli. Lipa utabasamu. Watoto, baada ya kuliona beseni la kuogea na televisheni yenye katuni saa 24, watatangaza kwamba wameshafika na hawaoni haja ya kwenda kwingine. Wana hoja, lakini usiwasikilize. Hakuna aliyewahi kupata sifa mtaani kwa kuonyesha picha ya beseni.

Hapa mzaha unakaa pembeni kidogo. Kama Bibi yumo safarini, pekua mkoba wake wa dawa kabla ya kuondoka. Vidonge vyenye kodeini, tramadoli na dawa kadhaa za usingizi ni vitu vinavyodhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu. Vinahitaji cheti cha daktari na kibali cha mapema. Bibi atakwambia vidonge hivyo amevimeza miaka yote na hajawahi kukamatwa. Kweli, ila alikuwa akivimeza Muheza.

Burj Khalifa hakuna namna ya kuikwepa. Mnara una mita 828, ulifunguliwa Januari 2010, na tiketi hununuliwa mapema mtandaoni, za saa ya machweo zikiwa ghali kuliko za mchana. Watu wa kawaida wanapanda ghorofa ya 124 na 125, wenye nafasi wanafika ya 148. Lifti inachukua kama dakika moja. Foleni ya kuifikia lifti inatosha kusoma juzuu zima. Kule juu mtapiga picha ya familia ambayo vichwa vyenu vitaufunika mji wote, na nyuma kwa mbali itaonekana barabara ambayo ingeweza kuwa ya popote.

Kitu cha maana kuhusu mnara huo hakimo kwenye tiketi. Mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walitoa maelekezo ya Ramadhani: anayekaa juu ya ghorofa ya 80 angoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na aliye juu ya ghorofa ya 150 angoje dakika tatu, kwa sababu jua lililokwisha kuzama kwa walio chini yeye bado analiona. Fikiria dhiki ya mtu huyo. Tende ziko mezani, harufu ya sambusa za majirani inampandia, na jua limemkodolea macho. Je, akichukua lifti akashuka chini, hawezi kufuturu na wenzake? Swali hili lina faida kuliko darubini zote za ghorofa ya 124, na mnaweza kulijadili bure mkiwa mmekaa nje kwenye ngazi.

Kwa usafiri, tumieni treni. Haina dereva, imekuwa ikijiendesha tangu Septemba 2009, na watoto wakiwahi siti za mbele kabisa watadhani wao ndio wanaoiendesha. Ila kula, kunywa au kutafuna bazoka ndani yake ni faini ya dirhamu 100. Utamwona mwanao wa miaka minne amesimama katikati ya behewa na nusu biskuti mkononi, nusu nyingine mdomoni, mashavu yamevimba, na familia nzima imemzunguka kama ukuta wakati abiria wengine wanatazama dari kwa adabu. Mama na watoto wana sehemu yao iliyochorwa mstari wa waridi sakafuni. Baba akiuvuka mstari huo, ni faini nyingine. Atasafiri hatua mbili kutoka kwa mkewe, akimpa ishara za mikono kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Jangwani mtakwenda alasiri moja, na isiwe baada ya biriani. Dereva wa Land Cruiser atasimama pembeni ya matuta mekundu ya Lahbab, atapunguza upepo wa matairi, ataweka muziki, kisha atawapandisha na kuwashusha mpaka kila mmoja akumbuke dua aliyofundishwa utotoni. Ukifika kambini kuna ngamia wa kupanda, mzunguko mmoja mfupi kabla hujajua uweke wapi miguu. Kuna mcheza tanura, ngoma ya Kimisri, na kuna dada wa kupaka hina. Mama, aliyekulia kwenye singo na piko, atautazama mchoro huo mkononi mwake muda mrefu, kisha atasema, "Ahsante, mwanangu," kwa sauti anayoitumia kusifia ubwabwa wa wakwe. Jambo moja usilikose: piga picha na ngamia, sura yako ionekane wazi. Itakufaa baadaye.

Mahali pa kuepuka ni Khor, ule mkono wa bahari unaougawa mji wa kale. Kwanza ni rahisi mno: mashua ya abra inakuvusha kutoka Bur Dubai hadi Deira kwa dirhamu moja, bila kiyoyozi, mmekaa bega kwa bega na watu wanaotoka kazini. Mtu atatembeaje kifua mbele kwa kitu cha dirhamu moja? Pili, ukizubaa utajikuta umeingia mtaa wa Al Fahidi, kwenye nyumba za zamani zenye minara ya kunasa upepo, na humo usithubutu kutazama juu. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Mbao hizo hazikuota Dubai, hapo hata kichaka ni shida. Zilikatwa Rufiji na Lamu. Majahazi ya Ghuba yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe wa Unguja: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mkoko. Mji huu unaokuuzia theluji uliwahi kuja kwetu kuomba dari. Haya usiwaeleze watoto, maana watakuuliza swali ambalo hukulipia tiketi kulisikia: Rufiji watapelekwa lini?

Vukeni haraka mwende Deira, mtimize daftari. Kwenye soko la dhahabu bei ya gramu ya siku hiyo hubandikwa, haina mjadala. Kinachojadiliwa ni ufundi, na hapo ndipo Mama aachwe afanye kazi yake, Baba akanywe chai ya karaki mlangoni. Mitaa ya Naif imezoea wachuuzi wa Kariakoo, kwa hiyo utaitwa "kaka, karibu, bei poa" na muuzaji kutoka Kerala. Usipandwe na majivuno, neno lake la pili ni "jumla au rejareja?" na amekwisha kukusoma.

Uwanja wa ndege fika mapema, kwa sababu kuna foleni ya kurudishiwa kodi ya asilimia 5 ya manunuzi, kama dukani ulikumbuka kuidai, na fedha utakazorudishiwa zitatosha kununua chokoleti duka la pili kulia. Kisha mizani. Mabegi yatafunguliwa sakafuni mbele ya kadamnasi. Mama atavaa baibui tatu, Baba atavaa masweta yote mawili pamoja na koti la mwanawe kiunoni, chetezo kitamwangukia kijana mkubwa, na taa ya IST ataibeba Bibi mapajani, imefungwa kwa kanga, kama mjukuu mchanga.

Mkishuka Dar es Salaam, ofisa wa forodha atainua simu moja, ya pili, kisha ile taa, na kukuuliza kwa upole kama ulikwenda kibiashara. Mwonyeshe picha ya ngamia.