Mia tano na tisa

Kuna namba iliyokuwa na afya kuliko sisi sote: 509. Tangu Mei 2020, hao ndio waliokuwa wagonjwa wa korona Tanzania kwa hesabu rasmi. Hawakuongezeka, hawakupungua, zaidi ya mwaka mzima. Nadhani virusi vilikuta daftari limefungwa, vikaona haya kubisha hodi.

Tuseme kweli, vipimo vyenyewe vilishatuvuruga. Rais Magufuli alitutangazia kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zimerudi na jibu: wanayo. Papai lilipewa hadi jina na umri. Mimi nilikohoa wiki mbili bila kupimwa. Papai likanipita foleni.

Mtaani tuliendelea kuhesabu kivyetu. Blanketi zito likianikwa kwa jirani juani, bado linanukia mchaichai wa kujifukiza nyungu, tulijua. Tangazo la msiba likitaja “changamoto ya upumuaji”, tulisema poleni sana, huku tukirudi nyuma hatua mbili.

Asubuhi muuza matunda anapita na toroli lake.

“Papai, mama?”

“Limepimwa?”