Makosa Yasiyoonekana kwa Macho

Mfumo wa kuunda programu, yaani zana inayoupokea msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa programu inayoweza kuendeshwa na kompyuta, huahidi kwamba kilichofaulu kwenye Linux kitafaulu vilevile kwenye Windows na macOS, ahadi ambayo uzito wake unakaribiana na ule wa neno la fundi cherehani mkesha wa Idi.

Mkosi ulio maarufu kuliko yote ni wa kale. Stuart Feldman alipobuni Make, mmojawapo wa mifumo hiyo, katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1976, aliamua kwamba kila mstari wa amri utanguliwe na nafasi ya kitufe cha Tab wala si nafasi za kawaida, ingawa kwa macho hazitofautiani hata chembe. Na alipoutambua usumbufu huo, tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, akaona si vyema kuwavurugia kazi. Dazeni hiyo ilistarehe. Waliokuja baadaye, ambao ni ulimwengu mzima, wangali wanahangaika.

Windows nayo humaliza kila mstari wa maandishi kwa alama mbili zisizoonekana, ilhali Linux hutosheka na moja, hivyo hati ya amri iliyohifadhiwa kwenye Windows ikihamishiwa Linux, alama ya ziada hunata kwenye jina la programu inayopaswa kuisoma, na kompyuta hushikilia kwamba /bin/sh haipo, hali imetulia palepale ilipo siku zote. Mhusika huifungua folda, huiona programu hiyo, hulisoma jina herufi kwa herufi, kisha huanza kuishuku miwani yake.

Kuhusu macOS hapana mengi: kwa mpangilio wake wa kawaida haibagui kati ya faili Hesabu.h na hesabu.h, kwa hiyo kosa la herufi kubwa hupita salama salimini mpaka likutane na Linux, isiyo na ustahimilivu huo. Windows, kwa kuienzi DOS, mtangulizi wake, ilikataa kwa miaka mingi faili yenye jina aux.c, kwa kuwa aux lilikuwa jina la kifaa zama hizo.

Basi anayeandaa mradi wa mifumo yote mitatu na ayaandike majina ya faili kwa herufi ndogo tupu, na kama anatunza msimbo wake kwa Git, aongeze faili ya .gitattributes yenye mstari huu, unaozikinga hati za amri na ile alama ya ziada: *.sh text eol=lf.