Chupa Saba za Dawa ya Kikohozi

Mama mkwe wangu haumwi kikohozi. Naliweka wazi mapema, kwa sababu Julai 2025 nusu ya mtaa wetu wa Sakina, Arusha, iliamini kifua cha Mama kimeharibika, na aliyeueneza uvumi ni mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba chupa tupu za dawa ya kikohozi, zile za kahawia za mililita 100, na kila aliyeniuliza za nini nilimjibu, "Za Mama, anasafiri." Watu wakaguna. Jirani mmoja akaniletea na tangawizi.

Safari ilikuwa ya kweli. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amejifungua huko Edinburgh, Uskoti, na kwa Wameru mzazi haachwi ahangaike peke yake na chakula cha makopo. Mama akaja kwetu kutoka kwake Maji ya Chai na unga wa ulezi, unga wa ndizi, dagaa, kopo la samli la ujazo wa lita moja, na chupa ya asali ya lita moja iliyozibwa kwa gunzi. Unga, dagaa na vitenge vikaingia kwenye begi kubwa. Nikalining'iniza kwenye mizani ya mwenye duka la mahindi: kilo 23 kamili, kiwango cha mwisho cha tiketi yake. Asali na samli zikabaki mezani zikitutazama.

"Hizo nazibeba mkononi," akasema Mama. Hata pangekuwa na nafasi asingekubali. Tumbo la ndege kwake ni sawa na buti la basi: unachokiweka humo umeshakiaga.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kujifanya mjuzi. Nikamweleza kuwa mkononi huwezi kupita na kimiminika chochote kwenye chombo kinachozidi mililita 100, na kwamba vyombo vyote lazima vienee kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, wa lita moja. Nikasisitiza kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Ukibeba chupa ya mililita 200 iliyobaki matone mawili, inakwenda kwenye pipa.

Mama akanitazama kwa upole ambao wakwe huutumia kwa wanaume waliowaoa binti zao. "Kwani asali inalipuka, baba?"

Nikamsimulia ya Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipokamata watu waliopanga kuangusha ndege za kwenda Marekani na Kanada kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za soda. Msingi wake ulikuwa haidrojeni peroksaidi, ile ile ambayo saluni zetu hupaushia nywele. Mashine za mionzi za wakati ule zilionyesha kivuli tu: chupa ni chupa, maji na peroksaidi havitofautiani. Siku za mwanzo abiria walikatazwa karibu kila kitu, na akina mama wenye watoto wachanga wakaambiwa waonje maziwa ya chupa mbele ya wakaguzi. Novemba mwaka huo Umoja wa Ulaya ukaweka kipimo cha mililita 100, na dunia ikafuata.

Katika maelezo yote hayo, Mama aliondoka na jambo moja. "Waonje," akasema. "Hiyo ndiyo akili. Kwetu aliyepika pombe ndiye anayeonja kwanza, wageni wanamwona. Kwa nini waliacha?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta mfuko.

Mfuko! Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki, na kuonekana nao tu kuna faini inayoanzia shilingi 30,000. Tangazo la serikali lenyewe liliacha upenyo kwa vifuko vya zipu vya wasafiri kubebea sabuni na mafuta yao, lakini nenda ukamweleze hivyo muuza vifungashio wa Soko Kuu. Nilipomuuliza kama ana mfuko wa plastiki unaoonyesha, alitazama kushoto na kulia, akanijibu kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima kwamba yeye anauza vya karatasi. Nikahisi kama niliyeulizia bangi. Na nikavikumbuka viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017. Kwa ukubwa wake vingepita kwa wakaguzi wa dunia nzima bila swali.

Aliyetuokoa ni kijana wa jirani anayeongoza wageni Mlima Meru. Wapandaji wanapoondoka humwachia vifuko vya zipu mpaka hana pa kuviweka. Akatupa vitatu, na nasaha juu: tusijaze chupa hadi mdomoni. Hewa ya ndani ya ndege, alisema, huachwa iwe nyepesi kama ya mahali penye mita 2,000 na kitu, karibu na ile ya kibanda cha Miriakamba kilicho mita 2,514 kwenye mlima wetu. Na Miriakamba pakiti za chipsi huwa zimevimba kama chura. Chupa iliyojazwa pomoni hapa Arusha, mita 1,400, ikifika huko itatafuta pa kutokea.

Kwa siku mbili tukachemsha chupa, tukabandua lebo zilizokubali kubanduka, na kumimina. Julai ya Arusha mnaijua, baridi. Asali ilishuka kwa mwendo wa kobe, uzi mmoja mwembamba, huku mke wangu ameshika faneli na mimi taa ya simu. Chupa saba zikaenea kwenye mfuko. Zilizobaki mililita 300 za asali tukazirudisha kabatini. Samli ilikuwa kesi nyingine: imeganda kama jiwe. Mama akapindua kopo juu chini mbele yetu. Hata tone.

"Kimiminika ni kinachomiminika," akasema. "Hii inamiminika?"

Mkwe habishiwi. Samli ikaingia kwenye kikapu.

Usiku wa kuamkia safari simu ikalia. Shemeji, furaha tele: "Wameondoa! Uwanja wetu wameondoa ile sheria, sasa ni lita mbili kila chupa! Iko kwenye habari!" Na ni kweli, Edinburgh walikuwa wametangaza mwezi ule ule. Wamefunga mashine mpya, ndugu za zile za CT za hospitali, zinazolipiga begi picha pande zote na kupima uzito wa kilichomo kwa ujazo wake, kwa hiyo maji yanajulikana ni maji bila kufungua kitu.

Nikiri kwamba mimi ndiye niliyepiga makofi. Mke wangu, ambaye huisoma hata risiti ya mkate nyuma na mbele, aliuliza swali moja: "Uwanja upi?" Nikamwambia sheria ni moja dunia nzima. Ningejua historia yake nisingethubutu. Uingereza iliahidi kuiondoa ifikapo Desemba 2022, ikasogeza hadi Juni 2024. Juni hiyo ilipofika, viwanja sita vidogo vilivyokuwa vimeshaiondoa vikaamriwa viirudishe. Umoja wa Ulaya nao ukairudisha Septemba mosi ya mwaka huo huo pale ilipokuwa imelegezwa. Kila uwanja una mashine zake, na kila uwanja hukagua wanaoondoka pale, si wanaofika. Edinburgh wangeruhusu hata pipa, sisi tulikuwa tunaondokea KIA, uwanja wa Kilimanjaro.

Lakini usiku ule nilikuwa shujaa. Tukazimimina chupa zote saba kurudi kwenye chupa kubwa, na zile mililita 300 juu yake. Saa saba za usiku. Mama aliimba. Mke wangu hakusema neno tena. Alizisuuza zile chupa ndogo, akazifunga kwenye khanga, akazitia kwenye mkoba wake. Nilimwona. Nikafikiri anazihifadhi kwa ajili ya mafuta ya nywele.

Asubuhi tukashuka na Noah ya kukodi: Tengeru, Usa River, kisha Maji ya Chai, ambapo Mama alitaka kuaga "dakika moja". Mto wa pale una rangi ya jina lake, na maji ya upande huu wa Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye majivu na mawe ya volkano. Ndiyo maana watu wengi waliozaliwa huko, Mama akiwemo, wana meno ya kahawia. Hakuwahi kununua dawa ya meno. Anatumia mswaki wa mti, na katika vyombo vyote vya usafi vilivyosafiri siku ile ndio pekee ambao hakuna sheria yoyote ya anga iliyowahi kuugusa. Dakika moja ikawa arobaini. Majirani walimletea maparachichi, tukayakataa. Wakaleta chupa ya maziwa mgando, tukainywa pale pale.

Kikapu, wakati huo wote, kilikuwa juu ya dashibodi, kioo kimefungwa, jua limetoka. Mnaona linakokwenda. KIA iko mita 894 tu kutoka usawa wa bahari. Toka Sakina mpaka pale umeteremka nusu kilomita, umetoka kwenye makoti umeingia kwenye joto la tambarare. Nilipokishusha kikapu, kopo likasema *chwa*.

Wasindikizaji hawaingii. Tulisimama nje tukamwona Mama akifika mlangoni, akimpa mkaguzi mkono wote, naye akiinama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni asali na hii ni samli. Samli ni jiwe."

Kijana akalitikisa kopo. Likaitika. Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Akamweleza taratibu kwamba pale mlangoni angeweza kumpitisha, lakini mbele, kwenye ukaguzi wa pili, vitabaki, na yeye hapendi kuona asali ya mzee inatupwa. "Kinachomwagika, kinachopakika, kinachopulizika, bibi, vyote tunaviita maji. Hata dawa ya meno. Rudisha kwa vijana wako."

Mama akatoka. Hakunitazama mimi, alimtazama binti yake. Mke wangu akafungua mkoba, akakunjua khanga ukingoni mwa maegesho, na chupa saba zikajipanga kama wanafunzi.

Faneli ilibaki Sakina. Nikakunja nakala ya barua ya mwaliko wa viza, tulikuwa nayo ya ziada, ikawa faneli. Joto la KIA likatusaidia: asali iliyotutesa siku mbili sasa ilikimbia kama chai. Ikakimbilia na kwingine. Ilinimwagikia viganja, suruali, na herufi za mwisho za mwaliko. Kisha nyuki wakaja, sijui kutoka mti gani wa uwanda ule, mmoja, watatu, kundi. Dereva wa Noah akajifungia ndani na kutuelekeza kwa ishara. Watalii wawili waliokuwa wanapakia mabegi walitupiga picha, na mahali fulani duniani kuna albamu ambamo mimi nimepiga magoti nikimwagilia dawa ya kikohozi, mama mkwe ananipepea na kitenge.

Chupa saba zikajaa, zikafungwa kwenye kifuko. Mbili zilikuwa bado na lebo: mtu mzima vijiko viwili mara tatu kwa siku. Ukaguzi wa pili, kwa masimulizi yake mwenyewe, dada mmoja aliinua kifuko akamuuliza anakohoa tangu lini. Mama akafungua chupa moja, akaonja mbele yake, akampa naye achovye kidole. Dada alikataa kuchovya, ila alimpitisha.

Samli tulirudi nayo. Jioni nikampigia shemeji kumpa pole. "Samli?" akashangaa. "Hata ingefika, forodha ya huku wangeichukua. Vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya hawataki. Asali sawa, mwisho kilo mbili. Kwani hamkuniuliza?" Mke wangu alikuwa anakaanga ndizi kwa samli hiyo hiyo. Akaongeza kijiko.

Mama alikaa miezi mitatu. Siku ya kurudi Edinburgh wakampitisha na chupa ya maji ya bomba ya lita moja na nusu, imejaa, bila hata kuitoa begini. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa mzigo wake wa thamani. Alitaka majirani wa Maji ya Chai wayaone, meupe pee, ya watu ambao watoto wao wana meno kama ya kwenye matangazo. Lakini alibadilisha ndege katikati ya safari, kwenye uwanja ambao bado ulikuwa kwenye mililita 100, na huko wakamwonyesha pipa.

Tulimpokea usiku. Begi, kikapu, mswaki wa mti kwenye nywele kama kalamu ya fundi. Nikauliza maji yako wapi, maana alikuwa ameyatangaza kwa simu wiki nzima.

"Niliwaambia wasubiri," akasema. "Nikayanywa."

"Yote, Mama?"

"Mbele yao. Foleni ikasimama. Yule mkubwa wao akasema bibi inatosha, nikamwambia bado robo."

Mke wangu akamuuliza yalikuwaje. Mama akafikiri mpaka tulipoipita njia panda na taa za Kikatiti zikabaki nyuma yetu.

"Hayana kitu," akasema. "Kama umelamba kioo."

Tulipofika kwake, kabla hajavua viatu, akachota kikombe mtungini.